Kidole cha Clem Pascoe

Kwa miaka ishirini na miwili Vern Opie alizungumza na Clem Pascoe kupitia mbwa. Hakuwa mbwa mmoja. Wa kwanza alikufa kwa uzee, wa pili aligongwa na lori la kondoo, na huyu wa sasa, Bluey, aliirithi kazi hiyo bila kuulizwa. Clem akiingia kwenye baa ya Vern pale Tarcoonda, mji mdogo wa Australia, na kuuacha mlango wazi, Vern aliinama juu ya kaunta na kusema kwa upole, "Bluey, mwambie huyo bwana nzi wanaingia." Clem alirudi, akafunga mlango, akasema, "Bluey, mwambie mwenye baa nimeshafunga." Mbwa alimtazama huyu, akamtazama yule, kisha akalala.

Watu wa mji walishazoea. Wageni ndio walioshangaa, na kila mgeni alisimuliwa fainali ya mwaka 1957 kabla hajamaliza glasi yake ya kwanza.

Mpira wa kule unachezwa kwa mikono na miguu, na kila mwisho wa uwanja una nguzo nne. Ukiupiga mpira ukapita katikati ya zile mbili ndefu bila kugusa kitu, ni goli, na goli ni pointi sita. Ukipita pembeni, au ukigusa nguzo hata kidogo kabisa, ni pointi moja. Anayeamua ni mwamuzi wa magoli, mtu mwenye koti jeupe na kofia nyeupe anayesimama chini ya nguzo. Akinyoosha vidole viwili mbele ya kiuno, ni goli. Akinyoosha kimoja, ni pointi. Hasemi neno. Katika ligi za vijijini kila timu huja na mwamuzi wake, na mwamuzi wa Tarcoonda alikuwa Clem.

Siku ile Tarcoonda walikuwa nyuma ya Belvarra kwa pointi tatu. King'ora cha mwisho kilikuwa kimeshalia, lakini Vern, nahodha, alikuwa ameudaka mpira kabla hakijalia, na sheria ilimruhusu apige mara moja ya mwisho. Akapiga. Uwanja mzima uliuona mpira ukipita katikati. Kofia zilisharushwa juu. Clem akasimama wima, akatazama kushoto, akatazama kulia, akanyoosha kidole kimoja.

"Uligusa nguzo," alisema siku ile, na tangu hapo hakuongeza wala hakupunguza. Hakuna mtu mwingine aliyesikia ukigusa. Kofia zilianguka chini, na wengine hawakuziokota hadi Jumatatu.

Hilo lingeweza kuendelea mpaka wazee wote wawili wazikwe, kila mmoja upande wake wa makaburi, kama Glenys, binti pekee wa Clem na mkewe Beryl, asingemkubali Trevor, mtoto wa Vern. Vern hakuwa na neno baya juu ya Glenys. Alimpenda. Lakini alisema na mbwa.

"Bluey, mwambie huyo bwana nitakuja harusini siku atakayosema lilikuwa goli."

"Bluey," alisema Clem, "mwambie mwenye baa ningependa sana kusema hivyo. Lakini uligusa nguzo."

Jikoni kwa akina Pascoe, jioni hiyo, Glenys aliweka mkono wake wenye pete juu ya meza kama mtu anayetoa ushahidi.

"Siolewi," alisema, "mpaka nyinyi wazee wawili muingie ukumbini kwa mlango mmoja, mkiongea kama watu. Bila mbwa."

"Mwanangu, unataka niseme uongo?"

"Sijasema useme uongo, baba. Nimesema siolewi."

Beryl aliendelea kumenya viazi. Alikuwa mama mnene mwenye kicheko cha karibu karibu, ambacho alikuwa akikizuia kwa kuuma midomo, na siku hiyo aliiuma sana.

Mambo yalikuwa yamefika hapo wakati watu wa filamu walipoingia mjini.

Walikuja Februari, jua likiwa kali hadi lami ya barabara kuu inashika viatu. Mwongozaji aliitwa Adrian Sallis, kijana mrefu wa Sydney aliyevaa skafu kwenye joto lile. Filamu yake iliitwa *Maji ya Sajenti*. Ilimhusu sajenti wa Australia, kule Palestina katika vita vya kwanza vya dunia, aliyewapa mateka maji ya kikosi chake. Farasi wakafa kwa kiu, na maofisa watano wa Kiingereza wakaketi kumhukumu. Tarcoonda mwezi wa pili inafanana na Palestina kuliko Palestina yenyewe, na mwisho wa mji kulikuwa na ghala la zamani la sufu, lenye kuta za mawe na harufu ya kondoo isiyotoka, ambalo Sallis aliligeuza mahakama.

Mji mzima uliajiriwa. Wanawake walishona sare na kuoka pai za nyama. Wakulima walileta farasi. Kondoo walifukuzwa, kwa sababu Sallis alitaka mbuzi, na mbuzi Tarcoonda walikuwa wawili tu, wote wa Len Hosking, muuza nyama. Mbuzi hao walipita mbele ya kamera asubuhi, wakazungushwa nyuma ya ghala, wakapita tena, kutwa nzima, mpaka mmoja akaketi chini na kukataa kuwa kundi.

Jambo moja lazima lijulikane juu ya watu wa Sydney, maana bila hilo hakuna hadithi. Mpira wao si huu. Wao wana mpira mwingine, wa kuinamisha vichwa na kusukumana kama mafahali wanaogombea lango. Mtu wa Sydney anaweza kuishi mpaka uzeeni bila kumwona mwamuzi wa magoli hata mmoja.

Sallis alimwona Clem juu ya mnara wa pampu ya upepo, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, kutengeneza pampu zinazovuta maji ya kondoo. Alisimamisha gari akamtazama akishuka ngazi.

"Uso huo," alisema Sallis. "Ni uso wa mtu anayejua kila mtu anamchukia, na hajali."

"Ninajali," alisema Clem.

"Vizuri zaidi."

Ndivyo Clem alivyopata kuwa mmoja wa maofisa watano. Wanne wengine walikuwa watu wa mji pia, na Len Hosking, mwenye mbuzi, alikuwa kati yao. Hawakuwa na maneno ya kusema. Kazi yao ilikuwa kuketi nyuma ya meza ndefu, kusikiliza mashahidi, na mwishoni kunyoosha mikono kumtia Sajenti hatiani.

Mji ulifurahi kupita kiasi.

"Clem, safari hii muonee huruma," alisema mama wa duka la mikate.

"Mfungwa akiwa na akili," alisema Len, "ataomba timu ya pili ilete mwamuzi wake."

Clem aliwaacha wacheke. Lililomsumbua ni lingine. Mwigizaji aliyecheza Sajenti, kijana wa Perth aitwaye Dale, alikuwa amepanga chumba juu ya baa ya Vern, na Vern alishampenda kama mtoto wa kumzaa. Alimkaangia mayai mwenyewe. Alimwonyesha picha ya timu ya 1957. Na jioni moja, Clem akiwa amesimama na glasi yake pembeni, Vern aliinama juu ya kaunta.

"Bluey, mwambie huyo bwana nimesikia atamhukumu na huyu kijana. Mwambie, mtu mmoja mjini humu alimtosha."

Clem aliiacha glasi yake nusu, akaenda nyumbani.

Siku za mahakama zilikuwa za jasho. Taa za filamu ziliongeza joto juu ya joto. Maofisa walibandikwa masharubu, na gundi ikayeyuka. Sharubu la Len lilishuka polepole wakati shahidi akilia, likapita mdomo, likafika kidevuni, na shahidi akashindwa kulia. Nzi waliketi juu ya kila mtu bila kujali cheo. Wanne wale walisinzia, wakaota, wakaamshwa kwa viwiko. Clem hakusinzia. Aliambiwa asikilize, akasikiliza. Alisikiliza kila shahidi, kila onyesho, hata yale yaliyorudiwa mara saba, na usiku alilala chali akitazama dari.

"Nini?" aliuliza Beryl.

"Yule mpishi," alisema Clem. "Alisema kulikuwa na pipa."

Siku ya hukumu ghala lilijaa watu wa mji waliovaa kama askari. Dale alisimama kizimbani, mwembamba, macho yakiwaka. Sallis akasema kwa sauti ya chini, "Endesha." Rais wa mahakama, mwigizaji mzee wa kweli kutoka Melbourne, akauliza hukumu. Mkono wa kwanza ukanyooka. Wa pili. Wa tatu. Wa Len. Wa Clem ulibaki juu ya meza.

"Kata. Bwana Pascoe, mkono."

"Bado nafikiri," alisema Clem.

Sallis alikuja mezani taratibu. "Unafikiri nini?"

"Ushahidi. Kapteni amesema hapakuwa na maji mengine. Lakini Jumanne mpishi alisema kulikuwa na pipa nyuma ya mahema. Kama pipa lilikuwepo, farasi hawakufa kwa sababu ya huyu kijana."

"Hilo pipa tumelitoa. Halimo tena kwenye filamu."

"Mimi nilisikia likitajwa."

"Kweli," alisema Len. "Hata mimi nililisikia hilo pipa."

"Wewe ulikuwa umelala," alisema ofisa wa pili.

"Niliamka kwenye pipa."

"Na aliyekuwa na ufunguo wa ghala la maji ni nani?" aliuliza ofisa wa tatu. "Hilo nalo halikuulizwa."

Mwigizaji mzee wa Melbourne, aliyekuwa amechoka, alivua kofia akasema kama wanajadili basi wajadili kwa utaratibu, mmoja mmoja. Wakajadili. Watu waliovaa kama askari wakasogea karibu na kutoa maoni. Kura ilipigwa isivyo rasmi, na Sajenti akaachiwa huru kwa kura nne kwa moja, ile moja ikiwa ya Len, aliyesema anataka kwenda nyumbani kula.

Sallis aliketi sakafuni. Alikaa hapo kidogo, skafu mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye siku mbili tu za kamera zilizobaki.

"Clem," alisema kutoka chini. "Imeandikwa. Asipohukumiwa, filamu haina mwisho."

"Basi mhukumuni nyinyi. Mbona mnaniuliza mimi?"

Sharubu la Clem lilianguka ndani ya glasi ya maji. Mtu mmoja alilitoa kwa uma, akalikausha, akalirudisha mahali pake.

"Nisikilize," alisema Sallis. "Sitaki tena mkono. Nipe ishara yoyote, ndogo, ile ambayo wewe mwenyewe unaiona ni ya haki. Nione tu inavyokuuma."

Clem alifikiria. Kamera ikaanza kuzunguka. Mikono minne ikanyooka, na ghala lote likamtazama yeye, askari, farasi mlangoni, mama wa duka la mikate mwenye bunduki ya mbao. Aliyajua macho hayo. Aliwahi kusimama mbele yake. Bila kuambiwa akainuka. Akavuta koti lake likanyooka. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akamtazama kijana kizimbani, akamtakia kila jema duniani, na kiwiko chake kikajikunja chenyewe, na mbele ya kiuno chake kikatoka kidole kimoja.

Len Hosking akatoa sauti ya birika linalokaribia kuchemka. Machozi yalimtiririka hadi kwenye sharubu. Maofisa wengine watatu walitetemeka mabega, wakiuma midomo mpaka ikawa myeupe. Na Dale, ambaye kwao Perth wanacheza mpira huu huu, na ambaye alikuwa ameonyeshwa ile picha ya 1957 na kusimuliwa yote, alifunika uso kwa mikono miwili, akainama juu ya ukuta wa kizimba, akatikisika kama mtu anayevunjika moyo.

"Kata," alinong'ona Sallis. Macho yake yalikuwa na unyevu. "Hiyo. Hiyo hiyo. Hatuigusi."

Dale alifungua mdomo amweleze. Kisha akaufunga, maana tangu aanze kuigiza hakuwahi kulia vizuri vile.

Clem alimweleza Beryl akiwa bado amevaa koti la Kiingereza.

"Umenyoosha kidole?"

"Kimoja."

"Kwa mazoea au kwa makusudi?"

Clem alivua kofia, akaitazama ndani. "Mwanzo mkono ulikwenda wenyewe," alisema. "Lakini nilipouona umefika pale nikauacha. Ndivyo ninavyoliona jambo lenyewe, Beryl. Ushahidi ulikaribia. Haukupita katikati."

Beryl alijishika kwenye sinki. Alicheka mpaka akaketi kwenye kiti kilichowekwa viazi, na viazi vikamwagika, akavicheka na vyenyewe. Halafu akanyamaza ghafla.

"Vern ataona."

"Labda wataikata."

"Mungu saidia waikate," alisema Beryl. Maana mtu aliyenyoosha kidole kile mara ya pili, mbele ya nchi nzima, na kumnyooshea kijana wa Vern wa kukaangiwa mayai, huyo hawezi kuomba chochote tena, na Glenys angezeeka na pete yake.

Wale waliojua walikubaliana kunyamaza kwa ajili ya Glenys. Katika Tarcoonda siri ya kawaida hukaa mpaka chakula cha jioni. Hii ilikaa mwaka mzima, na Len alikonda kwa kuibeba.

Hawakuikata. Filamu ilipoonyeshwa Sydney watu walitoka na leso. Beryl alisoma gazeti kwa sauti mezani: mwandishi alisifu machozi ya maofisa, akasifu kuvunjika kwa Sajenti, na zaidi ya yote akasifu ofisa mmoja asiye na jina, na "kidole kile kimoja, kidogo, chenye ubaridi wa dola nzima ya Kiingereza."

"Funga hilo gazeti," alisema Clem.

"Anasema hajalala siku mbili kwa sababu yako."

"Beryl, nakuomba."

Sallis alikuwa ameahidi kwamba Tarcoonda itaiona kabla ya Adelaide, kabla ya Melbourne, kabla ya Perth, na alitimiza. Alikuja mwenyewe na makopo ya filamu. Siku hiyo ya Jumamosi Clem alikumbuka pampu saba zilizohitaji kuangaliwa haraka. Glenys alimfuata hadi kwenye gari akiwa na koti lake la kanisani.

"Baba, ukiwa umefanya kitu, utakaa pale ukionwa umekifanya. Ndivyo ulivyonifundisha."

"Nani amekwambia nimefanya kitu?"

"Hakuna. Wote wakikuona wanaangalia viatu."

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Sallis na Dale waliketi mbele kabisa. Clem aliketi kati ya Beryl na njia ya katikati, na ng'ambo ya njia hiyo, hatua moja tu, aliketi Vern katika suti, na Bluey miguuni pake. Vern hakugeuka.

Taa zilizimwa. Mji ulijitazama. Kila uso uliopita ulitajwa kwa jina, pamoja na farasi. "Huyo ni mimi, tazama, upande wa ngamia." "Hapana ngamia hapo, huyo ni mkweo." Mbuzi walipopita walipigiwa makofi. Walipopita tena walipigiwa zaidi. Walipopita mara ya sita, yule mmoja akiwa anavutwa, watu walisimama. Sallis aligeuka akitabasamu kidogo, bila kuelewa, lakini akifurahi kwamba wanafurahi.

Halafu mahakama ilianza na ukumbi ukatulia. Hata waliokuwemo walisahau kwamba walikuwemo. Walipenda Dale aokoke. Vern alikuwa ameinama mbele, viganja juu ya magoti. Mkono wa kwanza ukanyooka. Wa pili. Wa tatu. Wa Len. Kisha uso wa Clem ukajaa ukuta mzima, mkubwa kama mlango wa ghala, ukatazama kushoto, ukatazama kulia.

"La hasha," alisema mtu nyuma, taratibu.

Kidole kikatoka.

Kwa muda wa pumzi moja hapakuwa na sauti ila projekta. Kisha mama wa duka la mikate akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu aliyeketi uwanjani Jumamosi, "Pointi moja."

Ukumbi ulipasuka. Watu walianguka juu ya majirani zao. Wazee walipiga sakafu kwa fimbo. Mtu alilia akiomba wamwache apumue, na pale ukutani Dale akafunika uso na kutikisika, na sasa kila mtu akajua anatikisika kwa nini, na wakapasuka upya. Len Hosking, mwaka mzima wa siri ukimtoka kwa mara moja, alibebwa nje.

Sallis alisimama, mweupe kama shuka. "Wanacheka," alimwambia Dale. "Maisha ya mtu yanaharibiwa, na wanacheka."

"Keti, Adrian," alisema Dale. "Nitakueleza. Keti kwanza."

Clem hakucheka. Alikuwa akitazama ng'ambo ya njia, na Vern naye hakucheka. Vern alisimama. Walio karibu walimwona wakanyamaza, walio nyuma yao wakanyamaza, kimya kikaenda mpaka madirishani.

"Simamisha," alisema Vern.

"Siwezi, Vern," alijibu mwendesha projekta. "Nikiisimamisha itaungua."

"Basi rudisha nyuma."

Ikarudishwa. Kidole kiliingia mkononi, mikono ilishuka, na kwa kuwa mwendesha projekta alipitiliza, mbuzi walipita kinyumenyume, na hakuna aliyethubutu kucheka. Ikaendeshwa tena. Vern alitembea hadi mbele, kivuli chake kikapanda juu ya meza ya maofisa. Kidole kilipotoka yeye hakukiangalia. Alikuwa ameinua kichwa, akitazama juu, kwenye uso.

"Tena."

Mara ya tatu ukumbi mzima, bila mtu kupanga, ulinyoosha kidole kimoja pamoja na Clem, kimya kimya, kama watu kanisani. Vern hakuona. Aligeuka, mwanga wa filamu ukiwa kifuani mwake.

"Pascoe."

Bluey aliinua kichwa. Alingoja kazi yake, haikuja.

"Nipo," alisema Clem.

"Huo ndio uso uliokuwa nao siku ile?"

"Sijui, Vern. Sikuwa na kioo."

"Nilikuwa mbali. Nilikuwa natazama mpira, halafu nikatazama kidole. Uso sikuuona." Vern alikohoa. "Nilidhani ulifurahia. Miaka yote hii. Nilidhani mtu asiyeweza kucheza amepata siku yake moja ya kuwashinda wanaoweza."

Clem alisimama, akavuta koti lake likanyooka, akajiona akifanya hivyo, akaacha.

"Nililitaka lile goli kuliko wewe," alisema. "Wewe ulikuwa na vikombe viwili nyumbani. Mimi nilikuwa na koti jeupe tu. Nilikuwa nimeshaandaa vidole viwili, Vern. Vilikuwa tayari."

"Na uligusa?"

"Uligusa."

"Mpira ulilia vipi?"

"Kama kijiko cha chai kwenye kikombe. Mara moja."

Vern alifikiria hilo kwa muda mrefu, mji mzima ukimngoja, na ukutani nyuma yake Sajenti akipelekwa jela ambako angefia, bila mtu kumwangalia.

"Lilikuwa goli," alisema Vern.

"Ilikuwa pointi."

"Lilikuwa goli, na utazikwa ukilijua hilo. Lakini sikujua liliuma pande zote mbili." Alirudi njia ya katikati, akasimama mbele ya kiti cha Beryl. "Mama, sogea kidogo, nikae na huyu mwongo."

Beryl alisogea. Midomo aliyokuwa ameiuma jioni nzima aliiachia, na kicheko chake kikatoka, na nusu ya ukumbi ikakifuata bila kujua inacheka nini.

Kutoka kiti cha nyuma Glenys aliingiza kichwa kati ya mabega yao. "Mnaongea," alisema.

"Tunagombana," alisema Vern.

"Bila mbwa," alisema Glenys. "Trevor, umesikia? Wewe ni shahidi."

Nje, baadaye, Dale na Len walimweleza Sallis ule mpira, na miji yote inayoucheza. Alisikiliza mpaka mwisho, skafu ikining'inia.

"Kwa hiyo Adelaide watacheka."

"Adelaide watakufa," alisema Len.

"Na Melbourne."

"Na Perth kwetu," alisema Dale. "Na usisahau Tasmania."

Sallis alitazama makopo yake ya filamu. Alisema bado angeweza kuikata sehemu hiyo. Kisha akaukumbuka ule uso. Akasema uso ule na kidole kile haviachani, na akaanza naye kucheka, kwa woga kwanza, kama mtu anayeonja chakula cha ugenini. Hakuikata. Kwa hiyo filamu ile iliwaliza watu nusu ya nchi na ikavunja watu mbavu nusu nyingine, na kila nusu iliirudia kuitazama, ikishangaa wenzao wana nini.

Harusi ilifanyika Oktoba, baada ya kondoo kukatwa sufu. Wazee wawili waliingia ukumbini kwa mlango mmoja, kwa wakati mmoja, na kwa kuwa mlango ule ni mwembamba na hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake, walikwama hapo kidogo, bega kwa bega, wakigombana juu ya upepo wa siku ile, ulitoka kaskazini au magharibi. Glenys, katika gauni lake, alisubiri nyuma yao bila haraka. Bluey alipita katikati ya miguu yao akaenda kulala chini ya meza ya keki.

Waligombana kwenye supu. Waligombana kwenye nyama. Beryl alisema sasa anamtamani yule mbwa.

Halafu ndugu wa bwana harusi alisimama kutoa hotuba, na ili watu wanyamaze akagonga kijiko cha chai kwenye ukingo wa kikombe, mara moja tu.

Clem alimshika Vern mkono. "Hivyo," alisema. "Hivyo hasa."

Vern alibaki ametega sikio muda baada ya sauti kwisha.

"Kidogo hivyo?"

"Kidogo hivyo."

"Mwamuzi mwingine asingeisikia."

"Asingeisikia," alikubali Clem.

"Tungeshinda."

"Tungeshinda, Vern."

Vern alichukua chupa akamjazia glasi, mpaka povu likapita ukingo na kuteremka kwenye kitambaa cheupe cha meza, na hakuna aliyelifuta.

"Basi lilikuwa goli," alisema Vern, na Clem akaanza kumweleza tena, tangu mwanzo.